Kwa Mama Mkwe Aliyekalia Vifuko Vyetu

Mama mkwe wangu mpendwa, uliyeondoka Kiamaiko ukarudi Bungoma huku mimi nikiwa nimeenda kununua uzi,

Barua hii nimeiandika wazi kwa sababu siri haiwezekani. Macho yako hayasomi tena, kwa hiyo utasomewa na dada yako, na dada yako akisoma neno jioni, asubuhi soko zima linalo. Nikaona basi heri kila mtu aisome, wa huko na wa huku Mowlem tunakoishi, wasije wakanitia maneno mdomoni. Ninachotaka nakisema mapema, usije ukaniona nazungukazunguka. Nataka urudi Nairobi, kwenye kibanda chetu cha vifuko vya safari. Najua umekataa. Nekesa, binti yako, aliniletea jibu lako jinsi lilivyo, na jibu lenyewe lilinikera. Utanisamehe. Watu wa kwetu Murang'a tukikerwa hatujui kuficha, na wewe umeishi nami miaka ya kutosha kulijua hilo.

Unakumbuka siku tuliyojuana? Binti yako alinileta kwako nikiwa na shati jipya na viatu vya kuazima. Nilipoingia tu nikakunyooshea mkono kama nilivyolelewa, maana kwetu mtu asiyemshika mama mkwe mkono huambiwa ana kiburi. Ukarudi nyuma, ukaficha mikono ndani ya leso, ukanikaribisha huku unatazama ukuta. Mkono wangu ukabaki hewani. Kuku wako nilimla peke yangu, wewe umejifungia jikoni. Tulipotoka nikamwambia Nekesa mambo yameisha, mama yako hanitaki. Alicheka mpaka akaketi kando ya barabara. Ndipo nikaelezwa kwamba kwenu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na kwamba kule kujificha kwako ndiko kulikuwa kunikubali. Kumbe ungenishika mkono ndipo ningepaswa kulia.

Watu huniuliza vifuko vilianzaje. Wanadhani tuliviona kwa simu ya mtu, kwenye picha za wazungu wenye mabegi ya magurudumu. Mimi huwaambia vilizaliwa na matope ya Bungoma. Tulikuwa tumeenda kumzika kaka yako, sisi sote na nguo zetu zote ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa miraba. Tulifika mvua inanyesha. Shiru, mtoto wetu, alikuwa mchanga, amejichafua, na katika kutafuta nguo yake ya kubadilisha tukatoa kila kitu nje, shuka, taulo, suruali zangu. Gauni lako jeusi likaanguka kwenye matope. Ulimzika kaka yako ukiwa na gauni lenye tope mpaka magotini. Nilikuona ukilitazama.

Tuliporudi ukachukua miavuli iliyovunjika, ukaikata, ukashona vifuko vya zipu, kila mtu chake na rangi yake. Cha Shiru chekundu, cha Nekesa cha bluu. Changu kilitoka kwenye mwavuli wa maua ya waridi, na sijawahi kuuliza kama ulifanya makusudi. Safari iliyofuata nilitoa nguo zangu za ndani kutoka kwenye maua mbele ya mashemeji zako wote. Walinicheka mpaka kesho yake. Lakini hakuna kilichoanguka kwenye matope, na mfuko ulipofunguliwa kila mkono ulijua pa kwenda.

Abiria wenzetu wakaviona, wakaanza kuuliza vinapatikana wapi. Ukanitumia ujumbe kupitia kwa Nekesa, maana mimi na wewe hatukuwa tukizungumza ana kwa ana zaidi ya salamu. Ulisema kitambaa cha mwavuli kinatosha watu wa nyumbani, ila cha kuuzia mtu lazima kiwe kitu kisichokufa upesi. Ukataka kujua kama ile cherehani yangu nzito ya kushonea viti vya magari ingeweza kupita kwenye turubai. Nikamjibu Nekesa kwamba cherehani ile ingepita hata kwenye ngozi ya mamba. Wewe ukajibu, tena kupitia kwake, kwamba hukuuliza habari za mamba.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulishona mabango ya matangazo yaliyokwisha muda wake, yale mazito ya plastiki yanayoning'inizwa kwenye majengo, ambayo wenyewe wakishayashusha huyatupa. Vipini vilitoka kwenye mikanda ya magari yaliyokufa, zipu kwenye majaketi ya mitumba yaliyochanika, na kidirisha cha kuonyesha kilichomo ndani tulikitengeneza kwa chandarua. Wateja walizipenda zile picha zilizokatikakatika. Mmoja alipata nusu ya tabasamu la mwanasiasa na akasema sasa angalau kuna kitu ambacho yule mtu ameshika bila kukitafuna. Vijana wa mtaa wakitupita walikuwa wakiuliza, "Mathe, hizi ni recycled?" nawe ukiwajibu kwamba hujui hilo ni jambo gani, wewe unajua tu kwamba kitu kizuri kutupwa ni dhambi.

Na ile stuli, mama. Kwa kuwa hatungeweza kupeana kitu mkono kwa mkono, tuliiweka katikati, wewe upande wako na mimi upande wangu. Ulikata, ukaweka. Nikachukua, nikashona turubai na mikanda, nikaweka. Ukachukua, ukamalizia zipu na wavu. Watu waliotutazama walidhani tumegombana. Majirani wakamwuliza Nekesa kama mama yake na mumewe wana kesi. Kwangu mimi sijawahi kufanya kazi na mtu kwa amani kama ile. Katika karakana nilizopitia, mtu alikuwa akikupokonya kazi mkononi kabla hujakata uzi. Kwako kila kitu kiliwekwa chini kwanza, kikapumzika, kikatazamwa. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, na mimi niliyekuja kwenye mila hiyo kwa kuchekwa nikaishia kuilinda kuliko binti yako.

Kuhusu ukaguzi, sitasahau. Kifuko kikiisha ulikijaza matambara mpaka zipu ikaanza kulalamika, ukakifunga, ukakiweka kwenye kiti chako, ukakikalia na kunywa chai. Wewe si mwembamba, na chai yako huinywi kwa haraka. Chai ikiisha na mshono haujafunguka, kimepita. Siku moja mteja alikuja akakukuta umekikalia kifuko alichokuwa amelipia. Akataka kukasirika. Ukamwambia bila kuinuka kwamba afadhali kipasuke hapa kwako kuliko kipasuke akiwa ugenini mbele ya watu asiowajua. Alisubiri chai iishe. Baadaye alileta dada zake.

Sasa nifike kwenye habari ya kwaya, ambayo hatujawahi kuizungumza mbele ya watu. Kwaya ya kanisa fulani iliagiza vifuko vya kubebea majoho kwenda Kitale. Mabango yalikuwa adimu wakati ule. Rafiki wa marehemu mume wako, mmoja wa wale aliochinja nao Kiamaiko, akakupa turubai kubwa iliyokuwa imefunika banda la mbuzi. Turubai imara, haijatoboka popote. Uliifua kwa sabuni, ukaifua kwa majivu, ukaianika juani, ukaileta kibandani umefurahi.

Nilipoiweka kwenye cherehani ikapata joto kidogo, na haki ya Mungu, beberu aliingia kibandani. Nikakutazama. Wewe ulikuwa ukikata na kuimba polepole. Nikainua turubai ya mlangoni hewa iingie. Ukaishusha, ukauambia ukuta kwamba upepo unapeperusha uzi. Nikawasha ile dawa ya mbu ya kufuka moshi, mchana kweupe. Nikaanza hadithi za mbuzi, kama mtu anayejisemesha. Ukauambia ukuta kwamba ndiyo, siku hizi mbuzi wamepanda bei. Umeishi kando ya soko la mbuzi maisha yako yote ya Nairobi, hungeweza kuisikia harufu ile hata ungelipwa. Na mkwe anamwambiaje mama mkwe kwamba kazi yake inanuka? Jioni nikamwomba Nekesa akwambie yeye. Akanusa kifuko, akanusa tena, akaniuliza harufu gani. Nilikuwa nimesahau kwamba naye amelelewa Kiamaiko.

Kwaya ikaenda, kwaya ikarudi. Mwalimu wao alikuja mwenyewe, mtu mpole, akavipanga vifuko vyote kwenye stuli yetu. Akasema, "Mama, Mungu tulimwimbia tukinuka beberu."

Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ulisimama, ukamwomba radhi kwa adabu, ukasema majoho yaletwe uyafue kwa mikono yako. Ukayafua. Vifuko vile ukawapelekea wauza mbuzi wavitumie kuwekea chumvi ya mifugo, na kwaya tukaishonea vingine kwa mabango uliyozunguka kuyaomba kwa miguu yako. Ilipokwisha, ukageuka upande wangu. Hukunitazama usoni, hukuwahi, lakini ulizungumza nami moja kwa moja bila kumtuma mtu.

"Baba Shiru, harufu uliisikia."

Nikakubali.

"Heshima ni nzuri, lakini isituharibie kazi. Kuanzia leo ukiona ubaya kwenye kazi yangu, kigeuze kifuko ndani nje, ukiweke kwenye stuli. Sitakuuliza kitu, nawe hutaniambia kitu. Mimi nitafanya vivyo hivyo."

Nimekaa na neno hilo tangu siku ile na bado naliona kubwa. Mwingine angesema mila imepitwa na wakati, tuongee tu kama watu. Mwingine angesema mkwe ni mkwe, anyamaze. Wewe ukatafuta njia ambayo kweli ingepita na heshima isiguswe. Na tusidanganyane, mimi ndiye niliyegeuziwa zaidi. Kuna wiki nilikuwa nikiona kifuko changu kimerudi kimegeuzwa nami nashindwa kujua kosa liko wapi, mpaka nifumue mshono wote. Nilikuwa nakasirika. Nilikuwa nanung'unika kwa lugha ya kwetu mambo ambayo Nekesa alikataa kuyatafsiri. Halafu nikashona upya, na kile cha pili kilikuwa bora kuliko cha kwanza, kila mara.

Ndipo yakaja macho. Uliambiwa hospitalini kwamba ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha potea hakirudi. Ulirudi kibandani kesho yake kana kwamba hujaambiwa lolote. Lakini zipu zikaanza kupinda. Siku ya kwanza nilipoiona moja imetoka nje ya mstari nilikaa nayo mapajani mpaka chai yangu ikapoa. Kuinyamazia kungekuwa kukudharau. Nikaigeuza, nikaiweka. Uliipapasa, ukafumua, ukashona tena, ukaiweka ikiwa sawa. Siku nyingine nikageuza tena. Na tena. Mama, niseme hapa ambapo huwezi kunikimbia jikoni: hakuna kazi iliyoniuma moyo kama ile.

Halafu asubuhi moja uliweka kifuko kwenye stuli kikiwa kimeshageuzwa ndani nje. Nilidhani ni changu, nikaanza kutafuta kosa. Ukasema, "Hicho ni changu. Nimejigeuzia mwenyewe, usisumbuke."

Uliyapanga mabaki ya mikanda, ukafuta cherehani yako, ukaifunika. Sikujua ulikuwa unaaga. Juma lile nilienda mjini kununua uzi, niliporudi Nekesa akaniambia uko kwenye basi.

Sasa jibu lako lililonikera. Nekesa alipokuomba urudi ulimwambia kwamba kipofu hakai Nairobi kula jasho la mkwe. Kwanza, hakuna jasho la mkwe peke yake katika kibanda kile. Pili, sikiliza kilichotokea.

Alikuja mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi za nyumba Uarabuni. Alivitoa vifuko vyetu vya zamani, vile vya mabango ya kwanza kabisa, akaviweka mbele yangu. Picha zilikuwa zimefutika, lakini mishono yote ilikuwa imekaa. Akasema kule alikokuwa hakuwa na kabati wala pembe ya chumba iliyokuwa yake. Vifuko vile ndivyo vilikuwa kabati lake, kila kitu chake kilijua pake, na siku alipolazimika kuondoka nyumba ile ghafla alivibeba kama vilivyo akatoka. Alitaka vingine kwa mdogo wake. Nikasimama wima kwa fahari, nikamchagulia vipya. Wapo siku hizi wanaouza vya dukani vinavyong'aa, na kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini yeye hakuvitaka. Alitaka vyetu.

Alirudi baada ya mdogo wake kusafiri mara moja tu hadi Mombasa. Viwili vilikuwa vimeachia zipu. Hakugomba, hata pesa hakudai. Aliupitisha mkono wake juu ya mshono, akaniambia, "Aliyeshona hivi si yule."

Maneno hayo yalinikalia kifuani juma zima. Vifuko vile nilivikagua mimi. Nilivikalia, nikanywa chai, chai yote. Nilivitazama kwa macho yangu mawili mazima, na viliposafiri vikafunguka. Nikaketi pale kibandani nikajaribu kukukumbuka jinsi ulivyokuwa ukikagua, nikakukumbuka vizuri. Kifuko kikiwa mapajani mwako, kidole gumba kikitembea taratibu kwenye mshono, wewe umegeuza uso ukitazama watoto wanaocheza nje, ukimwuliza jirani habari za mguu wake. Na kidole kikisimama, kosa liko hapo. Mama, hukuwa ukitazama. Miaka yote ile vile vyangu ulivyovigeuza hukuvitazama hata kimoja. Macho yaliyokufa ni ya kunyoosha zipu, na zipu naweza kunyoosha mimi. Kidole kile sina, na nimejaribu kukifundisha changu lakini hakisikii.

Najua utasema mila. Nimekodi chumba katika ploti ya jirani, si yetu. Kina mlango wake na bomba lake, na mlango hautazamani na wangu, nimehakikisha. Hutalala chini ya paa langu. Nekesa ataleta chakula, mimi sitavuka kizingiti. Asubuhi Shiru atakushika mkono mpaka kibandani, kwa kuwa yeye anaruhusiwa, na atakuacha kwenye kiti chako. Ubaridi wa Mowlem unazidi wa huko kwenu, najua, lakini jirani yule wa mguu bado anauliza utarudi lini.

Nakukumbuka sana. Kwetu maneno haya mtu hamwambii mama mkwe, na kwenu ni vibaya zaidi, lakini kibanda sasa kina kimya ambacho si kile kimya chetu. Nashona, nakipanga kifuko pamoja na vingine, kinauzwa, na hakuna aliyekigusa kati yangu na mnunuzi. Kila mtu hupita akisema kazi yangu ni nzuri. Nimechoka kusikia.

Kwa hiyo usimwambie tena Nekesa habari za kula jasho la mtu. Sikuiti uje utunzwe. Nakuita uje unikatalie kazi.

Nakusalimu kwa mbali, kama inavyotupasa,

Mkweo,
Baba Shiru